Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Ruzuku ya Kaya: Mafia na Historia ya Fedha Mlangoni

Mjadala wa fedha wanazopewa maskini nchini mwetu huzunguka maswali mawili. La kwanza: je, fedha hizo haziwafanyi watu wabweteke? La pili: je, zinawafikia kweli wanaostahili? Ni maswali halali, na nitayagusa. Lakini mwanafunzi wa historia ana swali linaloyatangulia yote mawili: kati ya dola na nyumba ya mtu wa kipato cha chini, fedha imekuwa ikielekea upande gani, na kwa amri ya nani? Asiyejiuliza swali hili huiona ruzuku ya leo kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, au kutoka Washington, na huishia kuishukuru au kuibeza bila kufikiri kwamba inaweza kudaiwa.

Nimechagua kulijibu swali hili kupitia Mafia. Wilaya hii ya mkoa wa Pwani, yenye kisiwa kikubwa pamoja na visiwa vidogo vya Juani, Chole, Jibondo na Bwejuu, ilikuwa na watu 46,438 katika sensa ya mwaka 2012. Udogo huo una faida kwa mtafiti: mambo ambayo bara hupotelea katika ukubwa wa takwimu, Mafia huonekana kwa macho. Isitoshe, Mafia imebadilishiwa watawala zaidi ya mara moja, na kila mtawala aliyefika alikuja na daftari lake la majina.

Kisiwa kilichohamishwa kwa fedha

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo yao ya Afrika Mashariki. Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake ili Sultani wa Zanzibar aiachie Ujerumani ukanda wa pwani ya Tanganyika pamoja na Kisiwa cha Mafia. Ujerumani ikamlipa Sultani fidia ya mark milioni 4. Hakuna mvuvi wa Jibondo wala mkulima wa Kanga aliyeulizwa, na hakuna aliyeonja hata pesa moja ya fidia hiyo. Hivyo ndivyo Mafia ilivyoachana na Zanzibar, na nitaonyesha hapo mbele kwamba mzee wa Mafia bado anaulipia mkataba ule.

Mwaka mmoja kabla ya mkataba huo, mwaka 1889, bunge la Ujerumani lilikuwa limepitisha sheria ya bima ya uzee na ulemavu, chini ya Kansela Otto von Bismarck. Mfanyakazi wa Kijerumani aliyefikisha miaka 70 alipata haki ya kulipwa pensheni. Dola hiyo hiyo, kwa raia wa nyumbani ilijifunga kisheria kutoa fedha. Kwa watu wa pwani yetu ikaja kujipa haki ya kuzichukua.

Mwaka 1897 unastahili kukumbukwa kwa namna ya pekee. Tarehe 6 Aprili mwaka huo Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo iliruhusu fidia ya fedha, lakini kwa mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakufidiwa. Mwaka huo huo, upande wa Wajerumani, ikatangazwa kodi ya nyumba: rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, kuanzia mwaka 1898. Mafia, ambayo mashamba yake ya minazi yalistawishwa katika karne ya 19 kwa jasho la watumwa, ilijikuta na hasara ya pande zote mbili. Amri ya Sultani haikuihusu tena, maana ilikuwa chini ya Ujerumani, na utumwa uliendelea kutambuliwa hadi Waingereza walipoufuta Tanganyika mwaka 1922. Kodi ya Mjerumani, kwa upande mwingine, iliihusu kikamilifu.

Kodi hiyo haikuwa jambo la mapato tu. Ilikusudiwa kumsukuma mwananchi aingie sokoni, atafute fedha ama kwa kuuza mazao ama kwa kuuza nguvu zake. Mwaka 1905 utawala uliikaza zaidi kwa kutaka fedha taslimu au kazi badala yake. Ng'ambo ya bahari, katika milima ya Matumbi na bonde la Rufiji, kodi hiyo pamoja na pamba ya kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji mwaka huo huo.

Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915. Wao nao kwao walikuwa na sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1908, iliyompa mzee maskini wa miaka 70 hadi shilingi 5 kwa wiki kutoka hazina ya serikali, bila yeye kuwa amechangia. Tanganyika hawakuileta sheria hiyo. Walichoendeleza ni kodi ya nyumba na kodi ya kichwa.

Daftari, stakabadhi na mnazi

Kwa kijiji cha Mafia, kodi ilikuwa na sura ya nazi. Mwenye minazi aliangua, akauza nazi au mbata kwa mfanyabiashara, akalipa kodi, na kilichobaki ndicho kilichonunua nguo na mchele. Asiyekuwa na nazi zilizokomaa siku ya kodi ilipofika alikopa dukani, na deni lake lilisubiri mavuno yajayo. Hapa ndipo tunapouona ubaya mkubwa wa fedha inayodaiwa kwa tarehe isiyojali majira: humlazimisha maskini kuuza wakati bei ni mbaya na kukopa wakati riba ni kubwa. Msomaji ashike jambo hili, kwa maana ndilo litakalotusaidia kuielewa ruzuku.

Uhuru haukuumaliza uhusiano huo mara moja. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliifuta kodi ya kichwa mwaka 1969, lakini ilirejea kwa jina la kodi ya maendeleo baada ya serikali za mitaa kurejeshwa katika miaka ya 1980, na ikafutwa kabisa mwaka 2003. Wasomaji wangu wenye umri kama wangu wanakumbuka jinsi vijana katika vijiji vingi walivyokimbilia porini wakusanya kodi walipoingia, na jinsi stakabadhi ya kodi ilivyokuwa kitambulisho cha kutembelea. Kwa hiyo, ukiondoa ile miaka 15 hivi ya mapumziko, kwa zaidi ya karne moja mgeni wa serikali aliyebisha hodi kwa mtu wa kawaida akiwa na daftari mkononi alikuwa amekuja kuchukua.

Ni muhimu pia kukumbuka kilichotokea baada ya mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kurekebisha uchumi. Wananchi walianza kuchangia gharama za shule na matibabu, huku vyanzo vya kipato vya kijiji vikiyumba. Kwa Mafia, nazi ilipoteza nguvu yake ya zamani ya kununua. Wanawake walitegemea zaidi pweza wa miambani wakati wa bamvua, na kilimo cha mwani kikaenea katika baadhi ya vijiji. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ikiwa na sababu nzuri za kulinda matumbawe na samaki, lakini pia na mipaka mipya kwa watu ambao bahari ilikuwa ndiyo benki yao.

Mgeni anayeleta

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za mwanzo ulijulikana zaidi kwa majengo: madarasa, zahanati, visima. Wazo la kumpa maskini fedha mkononi lilitoka katika mifano ya Amerika ya Kusini na jirani zake, hasa Mexico iliyoanza mwaka 1997 na Brazil mwaka 2003. Kwetu lilijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambako malipo yalianza Januari 2010. Vijiji 80 viliingia katika jaribio hilo, na 40 kati yake vikachaguliwa kwa kura kuanza kulipwa. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na ndani ya miaka michache ukaenea katika halmashauri zote, Mafia ikiwamo, hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja.

Viwango vya awamu hiyo vilikuwa vidogo. Kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi kama msingi, kisha nyongeza kwa ajili ya watoto kulingana na umri na darasa, na jumla haikuzidi shilingi 38,000 kwa mwezi. Malipo yalifanywa kila baada ya miezi miwili. Watoto wadogo walitakiwa kupelekwa kliniki, na wa shule kuhudhuria angalau asilimia 80 ya masomo. Aidha, wenye nguvu walipewa kazi za muda, siku 60 kwa mwaka, kwa ujira wa shilingi 2,300 kwa siku.

Je, kiasi hicho kinaweza kubadili maisha? Katika vijiji vya majaribio, watafiti walikuta kwamba waliolipwa hawakuzitapanya fedha zao. Walijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, walinunua mbuzi na kuku, waliwavisha watoto viatu, na watoto wadogo waliugua siku chache zaidi kuliko wa vijiji visivyolipwa. Tathmini ya mpango wa kitaifa ilionyesha kwamba umaskini wa mahitaji ya msingi miongoni mwa walengwa ulipungua kwa asilimia 10. Nako Siaya, nchini Kenya, ambako zaidi ya kaya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja na shirika la hisani, ilionekana kwamba kila fedha iliyoingia ilizalisha zaidi ya mara mbili yake katika uchumi wa eneo lile, na majirani ambao hawakupewa walinufaika pia, bila bei kupanda kwa kiasi cha kuumiza. Swali la uvivu, kwa hiyo, limejibiwa vya kutosha. Anayeendelea kuliuliza aeleze ni uvivu gani unaonunuliwa kwa shilingi 10,000 kwa mwezi.

Hata hivyo, takwimu hizi hazielezi kwa nini fedha ndogo huwa na uzito mkubwa. Mafia inasaidia kueleza. Wakati wa kusi kali bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na mboga hupungua. Mwanamke mmoja wa kijiji cha kaskazini niliyezungumza naye alinieleza hesabu yake kwa usahihi ambao ungempendeza mhasibu yeyote. Zamani, miezi hiyo alichukua mchele kwa mkopo dukani na kulipa kwa nazi, kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Alipoanza kupata malipo ya kila miezi miwili, aliacha kuahidi nazi kabla hazijakomaa, akaziuza mwenyewe kwa bei ya siku. Faida kubwa aliyoipata ilitoka katika kujua kwamba fedha ipo njiani, kuliko katika ukubwa wa fedha yenyewe. Kodi ya mkoloni ilimlazimisha bibi yake kuuza wakati mbaya. Ruzuku ilimpa mjukuu uwezo wa kusubiri.

Hii ndiyo hoja yangu kuu katika makala haya. Kinachoibadilisha kaya ya kipato cha chini ni uhakika. Shilingi 20,000 inayofika kila baada ya miezi miwili bila kukosa huvunja mnyororo wa deni. Shilingi 60,000 inayofika siku isiyojulikana, baada ya miezi sita ya kimya, huenda yote kulipa madeni yaliyokwisha kuzaa, na kaya hurudi ilipokuwa.

Kaya ni nani?

Hapa linakuja swali la walengwa. Ili dola ilipe, sharti ihesabu, na kipimo chake ni kaya: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mafia imekuwa ikikisumbua kipimo hiki kwa muda mrefu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika kijiji cha Kanga mwaka 1965 na kukirudia kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba mtu wa pale ni wa ukoo wa mama na wa baba kwa pamoja, na kwamba mume na mke, kwa kufuata sheria ya Kiislamu, huwa na mali mbalimbali. Minazi ya mke ni ya mke. Wanaume huenda dago kwa wiki kadhaa, mtoto hulelewa kwa bibi, na mwanamke aliyeachika hurejea kwa kaka yake. Chungu ni kimoja leo, kesho ni viwili.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, kumkabidhi mwanamke fedha, jambo linalosifiwa kama mapinduzi katika ripoti nyingi, halikuwa geni Mafia. Mwanamke wa kule alikuwa na mali yake tangu zamani. Kilichopungua ni thamani ya mali hiyo nazi iliposhuka. Ruzuku ilimrudishia sehemu ya alichokuwa nacho. Pili, orodha ya kaya maskini, hata ikipitishwa na mkutano wa kijiji kwa uaminifu kamili na kuhakikiwa kwa dodoso, ni picha ya siku moja ya kitu kinachotembea. Katika kijiji ambacho tofauti kati ya aliye maskini na aliye maskini zaidi ni ugonjwa mmoja au ngalawa moja iliyovunjika, watakaoachwa kwa makosa watakuwa wengi, na lawama zitamwangukia mwenyekiti wa kijiji.

Mwaka 2016 serikali ilihakiki orodha nchini kote na kuondoa maelfu ya kaya zilizoonekana hazina sifa. Wako waliostahili kuondolewa. Lakini mfumo ambao jina huingia kwa kikao na kutoka kwa uhakiki unamfundisha mwananchi kwamba fedha ile ni bahati. Baadaye malipo yalisuasua kuelekea mwisho wa kipindi cha kwanza cha mpango, kabla ya Rais John Magufuli kuzindua kipindi cha pili Februari 2020. Waliokuwa wameacha kukopa walirudi dukani.

Hisani au haki

Turudi sasa kwenye historia. Kodi ya nyumba ilikuwa na sheria, ilikuwa na kiwango kilichotangazwa, ilikuwa na tarehe, na aliyelipa alipewa stakabadhi. Aliyechelewa alishtakiwa. Ruzuku ya kaya ni mpango wenye mwanzo na mwisho, unaotegemea kwa kiasi kikubwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya wafadhili. Dola inapochelewa kulipa, mama wa Jibondo hana mahakama ya kwenda.

Si kwamba hatukuwahi kufikiri vinginevyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo lilionya dhidi ya kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, lilikiri papo hapo kwamba watoto, wazee na wasiojiweza wana uhalali wa kuishi kwa jasho la wenzao. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 1977 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Lakini Ibara ya 7 inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Tumeiandika haki, kisha tukaifungia kabatini. Wenzetu wa Kenya, katika Ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010, waliiweka hifadhi ya jamii ndani ya sura ya haki ambazo raia anaweza kuzipeleka mahakamani.

Mfano ulio karibu zaidi uko Zanzibar. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi, kwa fedha zake yenyewe, inamlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna dodoso la umaskini, hakuna sharti la tabia, wala hakuna anayehitimu na kuondolewa.  Mzee wa Makunduchi hulipwa kwa kuwa ni mzee. Mzee wa Jibondo hulipwa iwapo mkutano utamwona ni maskini, dodoso litakubali, na mpango utakuwa bado na fedha. Kinachowatenganisha wazee hawa wawili, wa lugha moja, dini moja na bahari moja, ni ule mkataba wa Julai 1890.

Naijua hoja ya upande wa pili, na watumishi wa Hazina wanaonisoma wameshaiandaa: Tanzania Bara ina watu wengi, fedha ni chache, na ahadi ya kisheria isiyotekelezeka ni mbaya kuliko mpango wa kiasi. Hoja hii ina uzito. Lakini hakuna anayetaka ahadi yote itolewe kwa siku moja. Tunaweza kuanza na wenye miaka 75, kwa kiwango kidogo, kilichoandikwa katika sheria ya Bunge, na kushusha umri kadiri mapato yanavyokua. Tunaweza kuanza na jambo la bei nafuu zaidi: kalenda ya malipo inayobandikwa katika kila ofisi ya kijiji, stakabadhi kwa kila anayelipwa, na mahali pa kukata rufaa nje ya kijiji kwa anayeondolewa. Watafiti waliofuatilia vijiji vya majaribio walikuta kwamba waliopokea ruzuku waliwaamini zaidi viongozi wao wa kuchaguliwa. Imani ya namna hiyo ni rasilimali ya taifa, na huliwa polepole kwa kila malipo yanayochelewa bila maelezo.

Kwa wanafunzi wangu na kwa wanaharakati, nina ombi moja. Mnapokwenda vijijini kukusanya takwimu za ruzuku, msiishie kuuliza imenunua nini. Ulizeni pia: ulijua itafika lini? Ilipokosa kufika, ulimwendea nani, na alikujibu nini? Yakusanyeni majibu hayo kijiji kwa kijiji na kuyapeleka mbele ya Kamati ya Bunge inayohusika. Serikali iliyoweza kumtunzia kila mtu mzima daftari la kodi, hadi kisiwa cha mwisho, haiwezi kusema kwamba haijui njia ya kufika huko.